Pima Nyumba Kwanza, Kiti Baadaye

Hotuba kwa mafundi seremala, wabunifu na wanafunzi wa ufundi, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazee wangu katika kazi ya randa na msumeno, kina mama mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma: wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine, habari za mchana.

Nimepewa mada yenye jina refu, ubunifu wa kisasa wa fanicha na vyombo vya nyumbani. Waandaaji waliniuliza kama nitahitaji projekta. Nikawaambia hapana, mfano wa kwanza watu watakuwa wameukalia.

Hicho kiti cha plastiki kina historia yake. Mwaka 1972 Mfaransa mmoja, Henry Massonnet, alitoa kiti alichokiita Fauteuil 300. Plastiki inayeyushwa, inasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, na chini ya dakika mbili kinatoka kiti kizima, mgongo, mikono na miguu, bila kiungo hata kimoja. Viwanda vya kila upande wa dunia vikaiga, na leo niambieni ni harusi gani au msiba gani hapa Kilimanjaro unaendeshwa bila kiti hicho.

Sisi maseremala tuna tabia ya kukibeza. Mimi sikibezi. Mtoto wa darasa la tatu anakibeba. Kinapangwa kimoja juu ya kingine mpaka kufika darini. Kikinyeshewa hakivimbi, kikichafuka unakimwagia maji ya ndoo na kazi imekwisha. Kina ubaya wake, na tunaujua: mguu ukipasuka hakuna fundi wa kukirudisha, ndiyo maana utakuta mtu amepachika viti viwili vibovu kimoja juu ya kingine ili kila kimoja kisaidie pale mwenzake alipovunjika. (Huo nao ni ubunifu, msicheke.) Lakini kabla ya kupasuka, kiti hiki kimejibu maswali ambayo viti vyetu vya mninga havijawahi kuulizwa. Nani atakibeba? Kitakaa wapi kisipotumika? Kitaoshwa vipi?

Sisi tunaanza kazi kwa swali moja tu: picha iko wapi?

Mnajua inavyokuwa. Mteja anaingia karakana, anatoa simu, anakuonyesha kochi aliloliona Instagram. Kochi la kona, lina urefu wa futi kumi na moja, limepigwa picha kwenye sebule ambayo ukikaa upande huu unamwita mwenzako kwa simu. Sebule ya huyu mteja ni futi kumi kwa kumi na mbili. Fundi haulizi ukubwa wa sebule, anauliza rangi ya kitambaa. Siku ya kupeleka, fremu ya mlango inang'olewa, kochi linaingia ubavu ubavu, na kuanzia siku hiyo wanaoishi humo wanapita kwa kujibana. Chumba cha kulala hali ni hiyo hiyo. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi kina eneo la futi za mraba mia moja. Ukiingiza kitanda cha tano kwa sita, thelathini zimekwenda. Sita kwa sita, thelathini na sita. Weka kabati, weka dresing tebo, na mlango haufunguki wote.

Picha ya simuni haina ubaya. Ubaya ni kwamba aliyelichora lile kochi alipima nyumba za kwao, sisi tunalinunua pamoja na vipimo vya nyumba ambazo hatuishi.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, nitawarudisha Moshi muda si mrefu. Denmark leo inasifiwa duniani kote kwa fanicha. Mwaka 1924 pale Copenhagen alianza kufundisha mtu anaitwa Kaare Klint. Kabla ya wanafunzi wake kuchora kabati, walipima vitu vinavyoingia kabatini. Mwanafunzi wake mmoja, Børge Mogensen, miaka ya 1950 alikaa na mbunifu mwenzake Grethe Meyer wakapima vitu vya nyumba ya kawaida: mashati yaliyokunjwa, sahani, uma na vijiko, na idadi ya kila kimoja ambayo familia inakuwa nayo. Kina na upana wa makabati yao vikatokana na hesabu hiyo. Hakuna muujiza hapo. Ni tepu na daftari.

Haya, na sisi tupime. Shati lililokunjwa tunalo, lakini tunavyo na vingine ambavyo hakuna mzungu aliyewahi kuvifikiria alipochora kabati. Ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko. Sufuria kubwa ya shughuli, ile inayotoka mara chache kwa mwaka na haina pa kukaa. Hotpoti tatu na chupa ya chai. Gunia la mahindi kutoka nyumbani. Mkungu wa ndizi. Vitenge vya mama vilivyokunjwa kwa heshima, kila kimoja na shughuli yake. Mtungi wa gesi wa kilo sita, au ule wa kilo kumi na tano. Fungueni makabati ya jikoni yanayouzwa mjini mniambie ndoo ya lita ishirini inaingia wapi. Haiingii. Inakaa katikati ya njia, na mtu anajigonga nayo usiku.

Nikae kidogo hapa jikoni, maana hapa ndipo penye kazi kubwa na fedha pia.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Maana yake kwa seremala ni nini? Ni kwamba majiko yanapanda juu. Mafiga yalikuwa chini, jiko la mkaa liko chini, mpishi anakaa kwenye kigoda. Jiko la gesi la sahani mbili tunaliweka juu ya meza, na meza hiyo tumenakili urefu wake kutoka kwenye katalogi: sentimita 85 au 90.

Hesabuni pamoja nami. Meza sentimita 85. Jiko lenyewe, 10. Sufuria ya ugali wa familia, 18. Mdomo wa sufuria umefika sentimita 113 kutoka sakafuni. Chukueni mama ambaye kiwiko chake, akisimama wima, kiko sentimita 98. Mdomo wa sufuria umempita kiwiko kwa sentimita 15! Huyo mama anatakiwa asonge ugali. Kusonga ni kazi ya kushindilia, nguvu inatoka begani kwenda chini, na wanaochunguza mwili kazini wanasema kazi ya nguvu namna hiyo iwe chini ya kiwiko, sentimita 15 na zaidi. Kwa hiyo anafanya nini? Anaishusha sufuria, anaiweka sakafuni, anaibana kwa kitambaa au kwa miguu, anainama anamaliza kusonga chini. Mume anapita anasema mke wangu bado hajazoea jiko la kisasa. Mke amezoea. Meza ndiyo haijazoea ugali. Na msidhani wala ndizi wamepona, ulizeni wanaoponda kiburu, kile chakula cha ndizi na maharage.

Tuchore upya basi. Mdomo wa sufuria tuuweke sentimita 75. Ondoa sufuria 18, ondoa jiko 10, unabaki na 47. Meza ya jiko la kusongea ni sentimita 47, karibu urefu wa kiti! Meza ya kukatia mboga ibaki 85, ziunganishwe, moja juu na nyingine chini kama ngazi ya hatua moja. Kwenye ile ya chini, fundi wa kuchomelea aweke duara la nondo ya milimita nane linalobana sufuria isizunguke wakati wa kusonga, na pembeni ukingo wa kuzuia mtoto. Mtungi ukiwekwa kabatini, kabati litobolewe matundu chini kabisa, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Ukitoboa juu, umetoboa bure.

Hiyo meza haitapendeza sana kwenye picha, nakubali. Lakini nipeni wanawake kumi waisongee ugali wiki moja, halafu mje mniulize habari za soko.

Na tusijidharau kwamba hatujawahi kubuni. Nani hapa nyumbani kwao hawana mbuzi ya kukunia nazi? Kitazameni vizuri kile kibao. Mbao mbili zimepishana, ukizifungua unapata kiti, ukizikunja unakitundika ukutani. Kwenye ncha kuna chuma cha meno. Anayekuna anakikalia, na uzito wake ndio unaokizuia kisicheze. Huhitaji jiliwa, huhitaji kukipigilia kwenye meza. Bakuli linakaa chini ya meno, mikono yote miwili iko huru kuzungusha nazi. Kiti, zana na kibanio katika kitu kimoja. Fundi wa pwani aliyekitoa kwanza hakuandikwa jina popote. Katika jumba la Metropolitan la New York kipo kiti cha Wanyamwezi cha karne ya 19 chenye mgongo mrefu, watu wanalipa kiingilio kukitazama. Mbuzi yetu tunainunua sokoni na hatuiangalii mara mbili.

Jambo la sakafu nitalipitia haraka. Nyumba zetu tunapiga deki. Maji ya ndoo, tambara, kila asubuhi. Kabati la chipubodi, ule ubao wa chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi, likikaa moja kwa moja sakafuni linanyonya maji hayo, mwaka haujaisha chini kumevimba kama mkate. Limetengenezwa kwa nyumba zinazofagiliwa kwa mashine. Ninyi mnaotumia chipubodi na MDF, sitawakataza, bei inajulikana. Linyanyueni tu sentimita 12 au 15 kwa miguu ya mbao ngumu au chuma, tambara lipite chini. Hapo tu mmeshawashinda waagizaji.

Sasa Desemba. Hapa sihitaji kueleza sana, wote mnajua njia ya Himo na ile ya Machame zinavyojaa. Sensa ya 2022 inasema kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Nyumba ya kihamba, shamba la ukoo kule mlimani, Januari hadi Novemba ina bibi na mjukuu, pengine na kijana wa kukata majani ya ng'ombe. Tarehe 23 Desemba ina watu ishirini na wawili, wengine wametoka Dar, Mwanza, Nairobi, na kila mmoja anataka pa kulala na pa kulia. Tunafanya nini? Tunatandika magodoro sakafuni, tunaazima viti, na seti ya meza ya watu sita inageuka mahali pa kuwekea mabegi. Miezi kumi na moja fanicha ni nyingi kuliko watu, wiki mbili watu ni wengi kuliko fanicha. Sijui eneo lingine lenye tatizo tamu namna hii kwa mbunifu. Benchi la ukutani ambalo ndani yake zimelala blanketi na shuka, mfuniko ukifunguka na kutandazwa linakuwa kitanda. Meza inayokunjwa mara mbili kwa bawaba. Stuli za chai zinazoingiana, tano zikakaa mahali pa moja. Mteja yupo, ana fedha mkononi mwezi huo, na bibi yake anamsubiri. Ila agizo lipokelewe Agosti, tafadhali, tusianze kukimbizana tarehe 20.

Mbao. Najua wazee walikuwa wanasubiri nifike hapa.

Kila mtu anataka mninga, na mninga unatoka mbali, Tabora na Katavi, na kila mwaka tunaufuata mbali zaidi. Wakati huo huo vihamba vyetu vimejaa mgrivea. Mti wa Australia, ulipandwa uwape kahawa kivuli, tukazoea kuuona kuni na mbao za kenchi. Chukua gogo la mgrivea ulipasue kuelekea kwenye kiini, usilipasue bapa kama tulivyozoea, piga randa, pitisha msasa laini, upake mafuta. Utaona madoa ya kung'aa yanacheza kama hariri. Wazungu wanaiita mbao ya hariri kwa sababu hiyo. Vumbi lake linawasha ngozi za watu wengine, kwa hiyo barakoa na mikono mirefu, na mti wenyewe ukatwe kwa kibali kama utaratibu ulivyo. Lakini mbao ipo, iko nyuma ya nyumba.

Shida yetu ni haraka. Mbao mbichi ikishuka chini ya asilimia 30 ya unyevu inaanza kusinyaa, na haisinyai sawa: kufuata mzunguko wa pete za mti inapungua karibu mara mbili ya inavyopungua kuelekea kiini, na kwa urefu karibu haipungui. Ndiyo maana inapinda. Fanicha ya ndani inataka mbao yenye unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Sisi tunanunua saiprasi ya Kilimanjaro Magharibi Jumatatu, Ijumaa imeshakuwa kabati. Januari joto likipiga, milango inaachia nafasi ya kupitisha kidole. Masika ikija, haifungiki. Mteja analaumu mti. Kuna mashine ndogo ya kupima unyevu, inaingia mfukoni, unachoma sindano mbili kwenye mbao inakuambia namba. Karakana isiyokuwa nayo, kwa maoni yangu, isipokee malipo ya awali. Na tunacho Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, hapa hapa Moshi, watu wanatoka mikoa mingine kuja kusomea mbao kwetu. Sisi tunapita nje ya geti.

Wenzetu wa Arusha tusiwaonee wivu, tuwatazame. Pale kwenye karakana ya Shanga wanayeyusha vioo vya chupa zilizotupwa wanatoa glasi na mapambo ya mezani, na mafundi wao wengi ni watu wenye ulemavu. Wamefika kwenye meza za hoteli kwa sababu glasi ya leo inafanana na ya mwezi uliopita. Hoteli ikivunja mbili inaagiza mbili. Je, mwenye hoteli akivunja kiti chako kimoja kati ya arobaini, utampa pacha wake? Wengi wetu hatuna hata mchoro. Vipimo viko kichwani, na kichwa kimekwenda likizo.

Ndipo ninaporudi Denmark, halafu Moshi. Yule Mogensen hakuwa na karakana ya kifahari. Aliajiriwa na ushirika. FDB, chama kikuu cha ushirika wa wateja wa Denmark, mwaka 1942 kilifungua ofisi ya kuchora fanicha za watu wa kawaida, kikamkabidhi kijana huyo akiwa na miaka 28. Mwaka 1947 akatoa kiti kinachoitwa J39. Miguu minne ya mviringo, mgongo wa ubao mmoja, kikalio cha kamba ya karatasi iliyosokotwa, kwa sababu vita vilikuwa vimekata nyasi za baharini walizozoea kusukia. Kiti hicho kinatengenezwa mpaka leo. (Sisi kamba tunayo: mkonge uko Tanga tangu 1893, na hatusukii viti, tunafungia mizigo.)

Ushirika! Nani atamfundisha mtu wa Moshi ushirika? Mwaka 1933 wazee wa vijiji vya mlimani waliunda KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, wakauza kahawa yao kwa sauti moja. Mji huu una chuo kikuu kizima cha ushirika. Lakini maseremala wa mji huu huu, kila mmoja na mashine yake mbovu, kila mmoja anakopi picha ile ile, tunashushiana bei mpaka mteja mwenyewe anaona aibu.

Ninachopendekeza ni kidogo. Mchoro mmoja, karakana nyingi. Huyu achonge miguu, yule apasue mbao za juu, mwenye mashine inayoongozwa na kompyuta atoboe matundu, kina mama wa cherehani washone makava yenye zipu ili vumbi la kiangazi lifuliwe. Vipande vifungwe bapa. Mjerumani Michael Thonet alilifahamu hilo mwaka 1859: kiti chake namba 14 kilikuwa na vipande sita, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Ninyi mnaopeleka viti Dar kwa fuso, mnalipia hewa iliyo katikati ya miguu.

Anayechora alipwe kwa kila kipande kinachouzwa, hata kidogo, iandikwe. Hapa najua mtabishana, na mbishane, maana mchoro ukitoka Jumatatu kufikia Jumamosi uko kila kona ya mji. Siamini katika polisi wa michoro. Naamini anayeiga bila vipimo na bila mbao kavu atajulikana masika ya kwanza.

Nimeongea vya kutosha, na chakula nasikia kiko tayari. Kabla ya kwenda huko, pale dirishani kuna meza mbili. Ya kwanza ina daftari la vipimo vya vyombo: kila mmoja aandike sufuria, ndoo na mtungi wa nyumbani kwake, na asiyejua apige simu nyumbani sasa hivi wampimie. Ya pili ni ya kupima viwiko. Kina mama mtangulie, ninyi ndio tunaowachorea jiko. Vijana wa chuo mshike tepu, mtu asimame wima, viatu avue, mkono ukunjwe nyuzi tisini, na muandike kwa sentimita, jamani, si futi na inchi. Mzee wangu hapo mbele, najua umezoea inchi. Kaa na kijana mmoja akuandikie.